Mshono wa Mashoto

Kutwa niko Kilindini, karani wa mizani:
lori hupanda, namba hutua,
tani ishirini na nane, pita; thelathini na moja, rudi.
Nikifika nyumbani sikumbuki hata moja.
Lakini niulize mkanda wa saa wa shemeji yangu Shekue,
nitakwambia: matundu hamsini na manne kila upande,
na la thelathini limepinda,
maana hapo ndipo umeme ulipokatika.

Nilianza kwa hasira.
Mkanda wa begi ulinikatikia Mwembe Tayari,
Mutisya fundi viatu akanitajia bei,
nikasema, kwa bei hiyo nashona mwenyewe.
Akacheka. Akanisukumia sindano mbili na uzi mmoja.
"Haya, shona."
Nikashona mpaka akaanza kufunga kibanda,
nikamlipa bei ileile, ya mafunzo,
na begi likakatika tena Ijumaa.

Sasa roshani yetu ya Bondeni, ghorofa ya pili,
inanuka ng'ombe na nta.
Mwanakombo amenichorea mpaka wa chaki:
huku nguo zangu za kuanika, huko mizoga yako.
Vifaa vyangu havitishi mtu.
Uma wa mezani, nimeunoa meno, wapima nafasi za matundu.
Chupa ya marashi yaliyokwisha yalainisha kingo.
Mbuzi ya nazi iliyong'oka meno ndiyo kiti.
Nyundo ni ya kuazima, na mwenyewe keshahama.

Watu huuliza: wauza?
Siuzi.
Utauza lini?
Nikiuza nitahesabu, na hesabu nimeziacha Kilindini.
Ukitaka mkoba njoo Jumapili, na ngozi yako, na subira yako.
Gundi iko.

Na huja. Auni wa tuktuk alishona kifuko cha leseni,
akakishona pande zote nne, na mdomo,
leseni ikabaki nje yatutazama.
Tulicheka hadi jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa fagio.
Kesho yake akapanda ngazi mwenyewe, pole pole,
amemshika mjukuu wake Zamzam, miaka kumi na mmoja:
"Mpe kazi huyu, simu itamla macho."

Nilimfundisha nilivyofundishwa.
Loweka ngozi, ivute ingali maji
(wahenga hawakuwa na mafumbo tu, walikuwa na sufuria).
Uzi mmoja, sindano mbili, zapishana katika tundu moja
kama watu wa kichochoroni,
kila mmoja ampisha mwenzake kwa bega.
Ya kulia kwanza. Kisha ya kushoto. Vuta.

Mshono wake ukalala upande.
Nikaufumua.
Ukalala tena. Nikaufumua.
Mara ya tatu hakusema kitu,
aliuficha mkono wa kushoto chini ya paja
kama alivyozoeshwa kwenye sinia la wali,
na wa kulia ukaanza kutetemeka na sindano.

Niliona haya,
mimi ninayerudisha malori kwa kilo mia.
"Utoe," nikamwambia. "Utoe mkono, ushone nao."

Mishono yake yote imeegemea kule,
yangu yote imeegemea huku,
kama daftari la chuoni na daftari la skuli.
Na imekaza. Imekaza kushinda yangu.
Ni mfuko wa miwani ya nyanya yake,
aliyeugeuza, akaunusa, akasema, "Wanuka beberu,"
na usiku, Zamzam asema, akaulalia chini ya mto.

Leo wote wameshaondoka,
nimebadili mikono.
Ya kushoto kwanza.
Nimejidunga mara mbili, damu imeingia kwenye nta,
na Mwanakombo kutoka ndani auliza kama nimepatwa na wazimu.
Jumapili ijayo Zamzam aleta rafiki,
mashoto mwenziwe, kasema,
na mimi sijafika hata tundu la tisa.